Harusi Chini ya Jua Letu

Msomaji asijisumbue kuitafuta nchi ya Tushukuru kwenye ramani. Haipo, haijawahi kuwepo, na yeyote atakayedai kwamba ameiona, au kwamba shemeji yake anafanya kazi wizarani huko, atakuwa amejisingizia mwenyewe. Ila ni nchi njema. Ina milima, ina ziwa, ina bendera yenye rangi nyingi kuliko haja, na wananchi wake huitwa Watushukuru, jina ambalo hawakulichagua lakini wamelizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Katika nchi hiyo aliishi bwana mmoja aitwaye Kitwana Mapande, Naibu Mkurugenzi Msaidizi katika Idara ya Anga na Yatokayo Juu. Kwa jumla alikuwa mtu mwema. Hakuiba kuliko wenzake, hakuwahi ofisini kabla ya mkubwa wake, na alikuwa na kipaji kimoja kilichomfikisha hapo alipofika: aliweza kutikisa kichwa kukubali jambo kabla halijasemwa. Alikuwa na mke, Bi Mwanaheri, ambaye hakuwa na kipaji hicho hata kidogo, na binti mmoja tu, Siwema, ambaye Bwana Kitwana alimpenda kuliko cheo. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe, na wakati huo alikuwa hajajaribiwa.

Matatizo yalianza pale Watushukuru walipopata simu za kupangusa. Zamani mtu alijua kwamba mvua inanyesha kwa kulowa. Sasa ikawa lazima aambiwe, na wa kumwambia wakatokea watatu.

Programu ya kwanza iliitwa Jua Letu. Aliitengeneza mpwa wa Mtukufu Mkuu wa Nchi, aliyesoma ng'ambo mpaka ng'ambo yenyewe ikachoka. Jua Letu ilionyesha jua. Asubuhi jua, mchana jua, na usiku jua lililofumba macho. Watu walipolalamika kwamba programu haiboreshwi, mpwa akaliongezea jua miwani.

Ya pili iliitwa Anga Shirikishi, nayo ililetwa na wafadhili. Hii haikusema mvua wala haikusema jua. Ilisema kuna uwezekano wa hali ya hewa. Aliyetaka kujua zaidi alitakiwa kwanza aeleze anavyojisikia anapoona wingu, kisha alialikwa warshani.

Ya tatu iliitwa Radi. Waliitengeneza wanafunzi waliofukuzwa chuo kikuu, na walikuwa na hasira. Radi ilitabiri gharika kila siku ya Mungu, kiangazi kwa masika. Mwaka mmoja ilipatia, nao wakatoka kwenda kusherehekea katikati ya mafuriko yenyewe, ikabidi waokolewe na serikali waliyokuwa wakiitukana.

Basi nchi ikagawanyika. Ukimuuliza Mtushukuru kesho kutakuwaje, alikutazama kwanza usoni apate kujua wewe ni wa programu gani. Vinyozi walikataa kunyoa vichwa vya upande wa pili. Wafuasi wa Radi walitembea na makoti ya mvua wakati wa kiangazi, wakatoka majipu ya joto, na wafuasi wa Jua Letu walitembea vifua wazi wakati wa masika, wakakohoa kizalendo. Wa Anga Shirikishi walikuwa wachache na wote walikuwa warshani.

Serikali ikaona kwamba nchi moja haiwezi kuwa na anga tatu.

* * *

Iliundwa Kamati ya Kuteua Anga Moja ya Taifa. Mwenyekiti alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Lihumbo, mtu mnene, mwenye sauti nzito na leso ndogo. Katibu alikuwa Bwana Kitwana. Kamati ilikaa katika hoteli moja ya milimani, kwa kuwa mambo ya anga hayazungumziki bondeni, na ilikuwa katikati ya masika. Mapazia ya ukumbi yalifungwa ili mambo ya nje yasije yakaingilia uhuru wa wajumbe.

Sasa hoteli ile ilikuwa na paa la bati, na mvua iliyonyesha siku hiyo haikuwa ya mchezo. Iliangukia bati kwa kishindo hata wajumbe wakawa wanaonana midomo tu. Mtaalamu wa Anga Shirikishi, mama mpole mwenye sauti ya kubembeleza watoto, alizungumza kwa kirefu na hakuna aliyesikia hata neno moja. Alipigiwa makofi, nayo hayakusikika. Wakaingia wale wa Radi, wamelowa chapachapa, maji yanawachuruzika mpaka kwenye zulia. Walipoona hawasikiki, wakanyoosha vidole juu kuonyesha paa. Wajumbe waliona huo ni utovu wa adabu, kumnyooshea kidole mtu wa juu bila hata kumtaja jina.

Mpwa wa Mtukufu alikuja na kipaza sauti chake na spika zake mbili, akasimama katikati.

"Jua!" akanguruma. "Jua! Jua!"

Wajumbe walifurahi sana kusikia kitu. Katika kumbukumbu za kikao Bwana Kitwana aliandika kwamba kulikuwa na changamoto za sauti upande wa juu, na kwamba Jua Letu imeshinda kwa kusikika.

"Ndugu wajumbe," alisema Waziri akifunga kikao, naye alikopeshwa kile kipaza sauti, "leo tumeandika historia. Mataifa mengine, tena makubwa, yanakaa yakisubiri anga iamue. Sisi Watushukuru tumeiamulia anga! Tangu leo, asije mtu akaniambia kwamba ameona wingu. Umeliona wapi? Kwa kibali cha nani?"

Walipotoka nje, maji yalikuwa yamefika vifundoni. Waziri aliyatazama maji, akaitazama simu yake, na simu ikamwonyesha jua lenye miwani. Akavua viatu polepole, akasema daktari wake anamshauri kutembea pekupeku. Papo hapo wajumbe wote wakakumbuka kwamba nao wana madaktari.

* * *

Bwana Kitwana ndiye aliyepewa kazi ya kuandika kanuni, na alizikalia kitako kama fundi anayependa kazi yake. Ilikatazwa kutazama juu bila sababu ya msingi. Ilikatazwa kuanua nguo kambani hadharani, kwa maana anayeanua huwa anatangaza jambo. Mwavuli uliruhusiwa kubebwa ila si kufunguliwa. Maturubai ya sherehe yalipigwa marufuku siku zote ambazo Jua Letu inaonyesha jua, yaani siku zote. Mjanja mmoja akauliza gazetini, je, turubai la kivuli nalo? Bwana Kitwana akaongeza kanuni fupi: "Kivuli kinachozuia maji si kivuli." Waziri alipoisoma alicheka mpaka akaagiza aletewe chai, yeye na aliyeiandika, na tangu siku hiyo jina la Kitwana likaanza kutajwa kwenye korido za juu.

Wizara ya Elimu haikutaka kuachwa nyuma. Methali isemayo dalili ya mvua ni mawingu ilifutwa vitabuni, na mahali pake pakawekwa nyingine mpya: dalili ya jua ni taarifa. Watoto waliikariri asubuhi mstarini, madaftari wameyaficha chini ya mashati yasilowe.

Kule sokoni wauza dagaa walianika kama walivyoagizwa, na dagaa wakalowana wakavimba. Mama mmoja alisema wa kwake wameanza kutazama njia ya ziwani. Akaonywa kwa uchochezi. Watushukuru walinung'unika sana, lakini walinung'unikia ndani, kwa sababu nje kulikuwa kunanyesha.

Halafu Mkurugenzi wa Idara ya Anga akastaafishwa kwa manufaa ya umma. Alikuwa mtumishi wa miaka mingi, hana doa. Kosa lake ni kwamba alionekana mchana kweupe akiruka dimbwi. Aliulizwa dimbwi lile lilitoka wapi. Kiti chake kikawa wazi, na Bwana Kitwana akaanza kukiota.

* * *

Ni wakati huo huo Siwema alipoposwa na Hemedi, fundi redio wa mtaa wa pili, mtu wa maneno machache na mikono safi. Harusi ikapangwa ifanyike nyumbani, uwanjani mbele ya baraza, kama ilivyo ada ya Watushukuru.

Na ada zao ni mbili, inafaa zielezwe. Ya kwanza ni ya kale. Msajili wa ndoa huliita jina la baba wa bibi harusi mara tatu. Baba husimama, akaushika mkono wa bintiye, akauweka katika mkono wa mume. Baba asipotokea hadi mwito wa tatu, husimama mjomba, naye mjomba ndiye anayebaki kwenye picha ukutani maisha yote. Ya pili ni mpya, lakini ina nguvu kuliko ya kwanza. Hakuna shughuli Tushukuru isiyo na mgeni rasmi. Harusi ina mgeni rasmi, tohara ina mgeni rasmi, hata kisima kikikauka hutafutwa mgeni rasmi wa kukitazama. Na mgeni rasmi akikaa, hakuna mtumishi wa serikali anayesimama, na akianza hotuba, hakuna anayeondoka hadi amalize.

"Nimemwalika Mheshimiwa Waziri," alisema Bwana Kitwana siku moja mezani, kwa sauti ya mtu aliyeleta nyama. "Amekubali."

Siwema aliweka kijiko chini. "Baba, mimi sikutaka mgeni rasmi. Nilitaka wewe."

"Mimi si nipo? Mimi nitakuwa pale pale, mama, kiti cha mbele."

"Sitaki uwe kiti cha mbele. Nataka ukiitwa uje. Nimeota mkono wako tangu nikiwa mdogo, ukiniongoza pale barazani. Sitaki mkono wa Mjomba Ngwali."

Bwana Kitwana alicheka, lakini jina hilo lilimchoma. Mjomba Ngwali alikuwa ndugu wa Bi Mwanaheri, mfanyabiashara wa magodoro, mtu wa kelele na manukato, na yeye na Bwana Kitwana hawakuwa wakipikika chungu kimoja.

"Ngwali atakaa nyuma na magodoro yake," alisema. "Nikiitwa mara moja tu, nimesimama. Haki ya Mungu."

Alisema hivyo na alimaanisha. Hilo lazima tumpe.

"Na turubai je?" akauliza Bi Mwanaheri. "Maana ni masika."

Bwana Kitwana akageuka haraka kutazama kama dirisha limefungwa.

"Mama Siwema! Turubai? Nyumbani kwangu mimi? Mbele ya Waziri?"

"Tutasema ni la kivuli."

"Kivuli kinachozuia maji si kivuli. Hujui nani aliandika hayo?"

"Najua," alisema Bi Mwanaheri. "Nalala naye."

* * *

Kadiri siku zilivyosogea, Bwana Kitwana alipoteza hamu ya kula. Alikuwa akijifungia bafuni, akafungua bomba ili maji yafunike sauti, kisha akatoa simu tatu. Maana ofisa yeyote wa Tushukuru mwenye akili alikuwa na simu tatu: moja ya kuonyesha watu, na mbili za kuujua ukweli.

Jua Letu ikamwonyesha jua. Safari hii liliongezewa na tabasamu.

Akafungua Radi. Siku ya harusi, ilisema Radi, kutakuwa na mawe ya barafu yenye ukubwa wa nazi, milima itahama, na serikali itaanguka. Bwana Kitwana alijaribu kutenga mambo. Mawe ya barafu aliyatoa, milima akairudisha mahali pake, serikali akaisimamisha tena kwa haraka huku akitazama mlango. Baada ya kutoa yote hayo, yalibaki manyunyu.

Akafungua Anga Shirikishi. Ikamwuliza jinsia yake, umri wake, na kama katika mwezi uliopita amewahi kuhisi kwamba wingu halikumshirikisha. Alijibu yote kwa unyofu. Ikamshukuru, ikamwambia matokeo yatatolewa baada ya masika.

Alirudia kila siku. Alizilinganisha, akachukua jua la hii akalijumlisha na gharika ya ile, akagawanya. Siku nyingine alipata mawingu kiasi, siku nyingine alipata tetemeko. Alitaka moja tu imwambie kwa hakika, ili apate wa kumlaumu mambo yakiharibika. Lakini kila alipofikia kusema labda nitafute turubai, kile kiti cha Mkurugenzi kilimjia machoni, cha ngozi nyeusi, kinachozunguka.

"Baba Siwema," aliita mkewe kutoka chumbani. "Unatafuta nini humo? Njoo utazame dirishani. Kumefunga mpaka kule mlimani, kweusi tititi."

"Usichungulie!" akapiga kelele Bwana Kitwana kutoka bafuni.

Akatokea pia Shaweji, mkodishaji wa maturubai wa mtaani, ambaye tangu sheria ipite alikuwa akiishi kwa kuuza chumvi. Alimvizia Bwana Kitwana nje ya ofisi, akamsogelea ubavuni kama mtu anayeuza pembe za ndovu.

"Bosi, ninalo moja. Kubwa. Limekunjwa, liko chini ya mifuko ya chumvi. Nalileta alfajiri, kabla mtu hajaamka."

Bwana Kitwana alisimama. Moyo wake wote ulisema ndiyo. Alimfikiria Siwema na nguo yake nyeupe, akaona jinsi turubai lingekaa juu ya uwanja, jinsi wageni wangekaa wakavu, jinsi ambavyo yeye angesimama akaushika mkono wa mwanawe. Ilikuwa karibu aseme. Kisha mlango wa ofisi ukafunguka, mtu akatoka, na kumbe alikuwa mfagizi tu, lakini hofu ilikuwa imeshaingia.

"Bwana wee, mimi sikujui," alisema kwa sauti kubwa. "Na jua linawaka."

Shaweji alipangusa matone ya mvua usoni kwa kiganja. "Hewallah, bosi," akasema. "Hongera kwa harusi."

* * *

Siku ikafika. Viti vya plastiki vyeupe vilipangwa uwanjani safu kwa safu. Mbele kabisa paliwekwa sofa la mgeni rasmi, limetolewa sebuleni likavikwa kitambaa chenye maua. Maofisa wa idara wote walikuja na wake zao, kila mmoja ameficha mwavuli kwapani. Siwema alikuwa ndani na wanawake, akipambwa. Hemedi alikaa barazani na suti yake mpya, ameshika magoti.

Mheshimiwa Lihumbo alipowasili, rasharasha zilikuwa zimeanza. Alishuka garini, tone likamdondokea kwenye kipara. Watu wote walilitazama. Yeye akatoa simu, akaisoma, akatabasamu.

"Jua zuri kabisa, Bwana Mapande."

"La neema, Mheshimiwa."

Wakaketi. Mvua ikaketi nao. Kwanza ilikuwa ya kudokoa, kisha ikajikusanya huko ilikojikusanya, ikamwagika kama mtu aliyepindua pipa. Sofa likanywa maji likavimba. Kilemba cha mke wa Waziri kiliporomoka taratibu upande mmoja, naye akakiacha, akijua kwamba kukishika ni kukiri. Pilau iliyokuwa kwenye masufuria wazi ikaanza kugeuka uji. Hakuna aliyesogea. Mshereheshaji, akiwa ameshika kipaza sauti kinachotoa cheche, akatangaza kwamba shughuli inaendelea vizuri katika hali ya hewa tulivu, akarushwa kidogo, akakiweka chini.

Aliyesimama wa kwanza alikuwa msajili wa ndoa, bwana mzee mwembamba mwenye koti la zamani. Alifunga mkoba wake, akaanza kuelekea barazani.

"Unakwenda wapi wewe?" akauliza Waziri.

"Naingia ndani, Mheshimiwa. Inanyesha."

 Bwana Kitwana akageuka haraka kumtazama Waziri.

"Inanyesha?" akasema Waziri.

"Mimi niko chini ya Wizara ya Sheria, Mheshimiwa," alijibu msajili kwa upole. "Kule kwetu bado inaruhusiwa."

Akapanda ngazi, akaingia. Hemedi akanyanyuka akamfuata, kwa kuwa fundi redio si mtumishi wa mtu. Wakafuata shangazi, majirani, wapishi na masufuria yao, wazee wa mtaa, na kila mtu ambaye hakuwa na cheo cha kupoteza. Mjomba Ngwali alipita mbele ya sofa akinukia manukato hata ndani ya mvua ile, akamwinamia Bwana Kitwana.

"Shemeji, unakuja?"

"Kwanza namsindikiza mgeni," alisema Bwana Kitwana bila kugeuza shingo.

Waziri aliona uwanja umebaki na maofisa watupu. Angeweza kuondoka, lakini kuondoka kwa sababu gani? Mtu haikimbii hali tulivu. Akafanya lile moja analoliweza: akasimama, akachomoa hotuba, na maofisa wote wakaganda vitini.

"Ndugu wananchi," alianza, "tunapokutana hapa chini ya jua hili..."

Karatasi zilikuwa zimegandana. Alisoma ya kwanza, akarukia ya nne, akajikuta anafungua kiwanda cha saruji. Maofisa wakapiga makofi, na makofi yao yalirusha maji.

Kutoka ndani ikasikika sauti ya msajili, nyembamba lakini imenyooka.

"Baba wa bibi harusi, Kitwana Mapande!"

Miguu ya Bwana Kitwana ilitaka kusimama. Aliihisi kabisa ikitaka, magoti yakatangulia mbele. Lakini jicho la Waziri lilikuwa juu yake, na Waziri alikuwa amefika mahali pazuri.

"...na kwa namna ya pekee," alisema Waziri, "nimtaje mwenyeji wetu huyu, ambaye hivi karibuni, nasema hivi karibuni sana, mtasikia habari zake..."

Moyo wa Bwana Kitwana ukaruka. Akakaa vizuri. Sentensi hiyo tu imalizike, alijiambia, halafu naenda. Ni maneno machache. Lakini Mheshimiwa Lihumbo hakuwa mtu wa maneno machache, na karatasi iliyofuata ilikuwa ya mbolea.

"Kitwana Mapande!" msajili aliita mara ya pili.

Wakageuka wote kutazama barazani, maana Siwema mwenyewe alikuwa ametoka mlangoni. Nguo yake nyeupe ilikuwa kavu. Nyuma yake mama yake alikuwa amesimama, mikono kifuani, na hakusema neno, jambo ambalo Bwana Kitwana alikuwa hajawahi kuliona katika ndoa yao yote. Kutoka kwenye kiti chake mpaka pale mlangoni hapakuwa mbali. Mtoto anayejifunza kutembea angefika.

"Baba," aliita Siwema, na sauti yake ilikuwa ile ile ya utotoni alipokuwa akiogopa giza. "Baba, njoo. Wananiita kwa jina lako."

Bwana Kitwana alimtazama mwanawe, na kwa muda mfupi alisahau idara, akasahau kanuni, akasahau kiti kinachozunguka. Alimpenda sana, na alimjibu kama baba yeyote angemjibu mwanawe aliye mlangoni siku kama ile.

"Nakuja, mwanangu. Ngoja mvua ipungue."

Hotuba ilikatika. Safu nzima ya maofisa ilijisogeza kando, viti vikakwaruza matope, mpaka Bwana Kitwana akabaki peke yake na nafasi tupu pande zote mbili. Waziri alikunja karatasi zake, au kile kilichobaki cha karatasi hizo, akajifuta uso kwa ile leso ndogo.

"Mvua gani," aliuliza taratibu, "Bwana Mapande?"

Mlangoni hapakuwa tena na mtu. Kutoka ndani msajili aliita mara ya tatu, akangoja kidogo, na sauti nene ya Ngwali ikaitika, "Nipo hapa, naye ni mwanangu." Kisha vigelegele vikalipuka, vikatoka kwa madirisha yote ya nyumba kwa pamoja, na kikafuatia kicheko cha Siwema, kicheko cha mtu aliyetoka kulia.

Bwana Kitwana aliinua uso kumwelekea Waziri, akafungua kinywa ajibu, na kinywa kikajaa maji.